Maiki kwanza au chumba kwanza? Jibu kwa mwalimu wa Pasua

Swali: Mimi ni mwalimu wa chekechea, nakaa Pasua, Moshi, nyumba ya kupanga. Watu huniambia nina sauti nzuri, na kanisani mimi ndiye msomaji wa matangazo. Nataka kufanya kazi za kuingiza sauti mtandaoni nikiwa nyumbani. Nina akiba ya shilingi 700,000. Fundi mmoja anataka kuniuzia maiki ya studio kwa 600,000, na kuna kundi la WhatsApp linasema nikilipa 50,000 ya usajili nitaunganishwa na wateja wa Ulaya. Nimekutumia tangazo la benki nililojaribu kurekodi kwa simu. Je, ninunue maiki hiyo? Na hao wateja wanapatikana wapi hasa?

Jibu: Mwalimu, habari za Pasua. Maiki hiyo usiinunue sasa. Hiyo 50,000 ya usajili usiitoe kabisa, wala usiwajibu tena. Mteja wa kweli anakulipa wewe, na mtu anayedai pesa kwa simu ili akukutanishe na kazi, kazi yake ni hiyo hiyo ya kukusanya ada.

Kipande chako nimekisikiliza mara tatu kwa hedifoni. Sekunde ya 9 imepita bodaboda. Chini ya sauti yako, tangu mwanzo hadi mwisho, kuna mvumo wa friji, nadhani ya jirani wa ukuta wa pili. Kila ukimaliza sentensi, neno la mwisho linarudi kidogo, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Sasa fikiria ungekuwa umerekodi kwa ile maiki ya 600,000. Maiki ya kondensa, zile za studio, inasikia mambo madogo kuliko simu yako. Bodaboda ingeingia vizuri zaidi, friji ingesikika hadi mlio wake wa kuzima na kuwaka, na mwangwi wa ukuta ungekuwa pale pale. Ungekuwa umelipa laki sita ili kelele za Pasua zisikike safi.

Kuna jambo ambalo wengi wanaoanza hawalijui. Mteja wa nje anayetafuta Kiswahili mara nyingi hajui neno hata moja la Kiswahili. Utamu wa sauti yako hawezi kuupima kama wanavyoupima waumini wenzako. Anachoweza kupima ni ukimya uliopo nyuma ya sauti, kwa namba, kwenye kompyuta yake. Faili likifika na mvumo, analikataa kabla hajamtafuta Mswahili wa kulisikiliza.

Namba zenyewe ni hizi. ACX, jukwaa la Amazon la vitabu vya sauti, linataka kelele ya chumba kitupu isizidi desibeli -60 (kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo ukimya unavyozidi), wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18, na kilele kisivuke -3. ACX kwenyewe usipoteze siku kujisajili, maana ni kwa wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi tu. Lakini chukua vipimo vyao viwe mizani yako ya nyumbani, kwa sababu ukivifikia hivyo wateja wengi hawatakuwa na la kusema. Pakua Audacity, programu ya bure ya kompyuta ya kurekodi na kupima sauti. Rekodi sekunde 20 bila kusema, bila kusogea, kisha uipime hiyo sehemu tupu. Ukiona -45 ujue bado una chumba cha kushughulikia, hata uwe na maiki ya namna gani.

Basi tushughulikie chumba. Simama katikati yake upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaodundadunda baada ya kofi, huo ndio unaofanya maneno yako yarudi. Sauti inapiga ukuta mtupu, sakafu ya saruji na dirisha, inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Dawa yake ni vitu vizito na laini: godoro, mablanketi, nguo. Mimi naishi Sakina, hapa Arusha, kando ya barabara ya Namanga, malori yanapita kutwa hadi usiku. Miaka yangu ya kwanza nilirekodi kwenye kona ya chumba cha kulala: kamba mbili za kuanikia zimekatiza juu, mablanketi matatu mazito yamening'inia hadi chini, na godoro la futi nne limesimamishwa wima nyuma ya mgongo wangu. Angalia hapo, nimesema nyuma ya mgongo. Watu huweka blanketi mbele yao, nyuma ya maiki, wakaacha ukuta wa nyuma mtupu. Lakini maiki inakutazama wewe, na pamoja na wewe inautazama ukuta ulio nyuma yako. Ukiwa na godoro moja tu, lisimamishe huko.

Mablanketi yatafute soko la Memorial, yale ya mtumba, mazito, yanayolemea mkono. Ukiwa na kabati la nguo lililojaa, fungua milango yake usemee humo. Trei za mayai zitoe akilini kabisa. Najua studio nyingi za mitaani zimebandikwa trei ukuta mzima, lakini trei ni karatasi nyepesi. Mwangwi inaupunguza kidogo sana, na kelele ya nje haiizuii hata kidogo. Kuzuia sauti isiingie kunataka uzito na kuziba mianya, na nyumba ya kupanga haikuruhusu kujenga ukuta mwingine. Kwa hiyo mwangwi uumalize kwa mablanketi, na bodaboda uikwepe kwa saa.

Saa zako za kazi zisome kama unavyosoma ratiba ya darasa. Kaa siku tatu na daftari uandike kinachosikika na kwa saa ngapi: jogoo, adhana ya alfajiri, kengele, mashine ya kusaga, watoto wa jirani, mbwa. Utagundua kuna vipindi viwili au vitatu vya utulivu. Kwangu ni kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi kasoro. Kwako huenda ikawa tofauti. Masika ndiyo mtihani mkubwa kwetu wa huku, maana mvua juu ya bati haina blanketi la kuizuia. Kati ya Machi na Mei usimwahidi mteja kazi ya siku ileile. Omba siku tatu, urekodi mvua ikipumzika.

Na yale madogo: friji ya jirani mwombe aizime dakika 40, mara nyingi anakubali. Simu iweke katika hali ya ndege. Laptopu ichomoe kwenye umeme ifanye kazi kwa betri, kwa sababu chaja nyingi zinaingiza mvumo, na tena umeme ukikatika katikati hupotezi ulichorekodi.

Nikirudi kwa fundi wako. Je, amekuambia kama maiki anayokuuzia inachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta? Maiki nyingi za kondensa za studio zinahitaji kisanduku cha kuziunganisha na kompyuta na kuzipa umeme wa volti 48, na kisanduku hicho kinauzwa peke yake. Ukitoa 600,000 utabaki na maiki isiyowaka na 100,000 mkononi. Chumba kikishafikia angalau -55, hata kama -60 bado, tafuta maiki ya USB ya kawaida na hedifoni zinazofunika masikio yote, ubakize pesa ya bando na ya dharura. Weka maiki umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, uisogeze pembeni kidogo ili pumzi za P na B zipite kando. Soksi ndefu ya nailoni ikivutwa kwenye waya uliokunjwa duara inafanya kazi ya kichujio cha dukani.

Sasa bidhaa yenyewe. Nimesema mteja hajui Kiswahili, lakini wasikilizaji wake wanakijua, na kampuni nzuri ina mtu wa kuhakiki. Kwenye tangazo lako umesema "feza" mara nne na "selasini" mara moja. Mtaani hakuna atakayekushangaa. Wengi tuliokulia bara tunazungumza hivyo, na mimi nilikaa miezi nikijirekebisha. Lakini tangazo la benki lenye "feza" halitapita. Ulimi uguse kati ya meno: fedha, dhamana, thelathini, thamani. Soma gazeti kwa sauti dakika 15 kila siku, ujirekodi, usikilize. Angalia na mkazo. "Barabara" ya magari mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Barabara" yenye maana ya sawasawa mkazo unapanda kwenye "ra" ya kwanza. Ukichanganya, mhakiki atakurudisha.

Jambo jingine kwenye kipande chako ni kwamba umesoma kama unamwita mtu aliyekaa benchi la mwisho. Hiyo ni sauti ya matangazo ya kanisani, na inafaa kanisani, penye watu mia tatu. Maiki ni sikio la mtu mmoja. Kabla hujaanza, mweke mbele yako mama mmoja wa Mbuyuni amekuuliza, "Mwalimu, hii akaunti inafanyaje kazi?" Mjibu yeye. Utaona sauti inashuka yenyewe, pumzi inatulia, na tabasamu linasikika. Una sauti yenye joto, hilo nakuambia kwa dhati. Imefunikwa tu na mazoea ya kupaza.

Kuna thamani nyingine unayoibeba ambayo haimo kwenye maiki yoyote. Mwaka mmoja nilipewa maandishi ya ujumbe wa afya, yametafsiriwa nje, yakieleza mgonjwa ameze dawa "saa nane asubuhi na saa nane usiku". Nikasimama hapo hapo. Mtafsiri alikuwa ameziona nane za Kiingereza akazihamisha jinsi zilivyo. Kwa saa zetu ilitakiwa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ningesoma tu na kulipwa, kuna mgonjwa angekesha hadi saa nane usiku akisubiri kidonge. Niliandika barua pepe fupi, nikaonyesha mstari, nikapendekeza sahihisho. Yule mteja amenipa kazi kwa miaka iliyofuata, na hakuwahi kunitajia sauti yangu hata mara moja. Kwa hiyo maandishi yasome yote kabla ya kurekodi. Tazama saa, namba, sarafu, majina ya watu na vifupisho, uulize unapokwama.

Sema pia wewe ni wa Kiswahili kipi. Wateja hutenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, na kwenye fomu utakuta alama sw-TZ na sw-KE. Jiandike wa Tanzania, wala usijaribu kuigiza cha Nairobi kama hukukulia huko.

Wanapatikana wapi? Wengi hukimbilia Fiverr na Upwork, majukwaa ya kazi za mtandaoni za kila aina, na si vibaya kuwa na wasifu huko. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo, kwa hiyo bei yako iweke ukijua hilo. Voice123 na Voices.com ni za watu wa sauti hasa, nazo zina uanachama wa kulipia ili uone kazi nyingi zaidi. Hizo ni kampuni halali, ila mwaka wa kwanza usilipe. Kazi za Kiswahili humo ni chache ukilinganisha na za Kiingereza, na akiba yako ni ndogo. Mimi kazi zangu nyingi zimetoka kwenye kampuni za tafsiri. Hizi ndizo zinazopewa na mashirika video za mafunzo, ujumbe wa afya, sauti za kupokelea simu na masomo ya mtandaoni, zikatafsiri, kisha zikatafuta msomaji. Nyingi zina fomu ya kujiunga kwenye tovuti zao, bure. ProZ, jukwaa la watafsiri, nako wanatafuta watu wa sauti. Tuma barua kumi kwa wiki, fupi: mimi ni nani, Kiswahili changu ni cha wapi, vipimo vya chumba changu, ninajibu ndani ya saa ngapi, na demo tatu, yaani vipande vya kuonyesha sauti yako.

Demo ziwe fupi na ziwe mbalimbali: tangazo moja, somo moja, ujumbe wa afya mmoja, kila moja sekunde 30 hadi 45. Usiweke muziki mkubwa nyuma. Anayesikiliza atadhani unaficha chumba.

Na usiisahau milango iliyo karibu. Moshi na Arusha zimejaa kampuni za utalii zinazotengeneza video za Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na nyingi zinapenda Kiingereza cha Mtanzania kuliko cha kuigiza. Mashirika na miradi ya afya pia. Mteja wa Arusha unaweza kumfikia kwa nauli ya basi, na ukimfanyia vizuri atakupa jina la mwingine.

Ukiombwa sampuli, toa sekunde 30 hadi 60 za maandishi yao, bure, hilo ni la kawaida. Ukiombwa maandishi yote kama "jaribio", kataa kwa adabu.

Bei ndipo Waswahili wengi tunapoumia bila kujua. Mteja wa nje amezoea kulipa kwa neno. Chukua neno letu "hatutawasahau". Kwake ni neno moja. Kiingereza kikisema jambo hilo kinatumia maneno matano, lakini silabi ni sita, na zetu ni saba. Yaani mdomo wangu umefanya kazi zaidi na nimelipwa neno moja badala ya matano. Dai kulipwa kwa dakika iliyokamilika, yaani dakika ya sauti iliyosafishwa na kukabidhiwa. Nawe jipime: mimi dakika 10 zilizokamilika, kuanzia kusoma maandishi hadi kutuma, hunila kama saa mbili. Mwanzoni kwako zitakula zaidi. Upo pia mwongozo wa bei wa Global Voice Acting Academy, umeandikwa kwa soko la Marekani. Usiige namba zake, ila tazama unavyotenganisha ada ya kurekodi na ada ya matumizi.

Matumizi ndiyo sehemu ninayokuomba uisome mara mbili. Sauti ikitumika kwenye video ya ndani ya ofisi ni kitu kimoja. Ikirushwa redioni nchi nzima mwaka mzima ni kingine, na bei ni nyingine. Na siku hizi kuna la tatu, sauti kutumika kutengenezea sauti ya mashine. Msomaji wa sauti wa Kanada, Bev Standing, alisikia sauti yake ndani ya TikTok, ikisomea maandishi ya watu wasiomjua. Alisema alikuwa ameirekodi kwa kazi ya tafsiri ya taasisi moja ya China, siyo kwa hilo. Alifungua kesi Mei 2021, na Septemba mwaka huo wakamalizana nje ya mahakama. Yeye alikuwa na mawakili. Wewe na mimi kinga yetu ni mstari mmoja ndani ya makubaliano, nami huuandika hivi: "Sauti hii itatumika kwa video hii pekee, mtandaoni, kwa miezi 12. Haitatumika kufundishia wala kutengenezea sauti ya mashine bila mkataba mwingine ulioandikwa." Mteja mwaminifu hasumbuki nao.

Utakutana pia na kazi za kusoma maelfu ya sentensi zisizohusiana. Hizo mara nyingi ni za kufundishia mashine. Si haramu, na Kiswahili kinahitaji kuwemo humo. Mozilla ina mradi wa Common Voice ambamo watu hutoa sauti zao kwa hiari, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Ninachotaka ni uingie ukijua: kama ni hiari iwe hiari, na kama ni biashara bei iwe ya kuuza sauti yenyewe, maana hutaweza kuirudisha.

Malipo, kwa kifupi. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kutuma tu, hivyo ukikubali kazi ya "nitakulipa kwa PayPal" bila kuuliza, unaweza kumaliza kazi na pesa isikufikie. Fungua akaunti ya Payoneer, huduma ya kupokelea malipo ya nje, uiunganishe na akaunti yako ya benki, au mteja akutumie benki moja kwa moja. Chukua na TIN pale TRA, ni bure. Kampuni za hapa nchini zikikulipa zitakata kodi ya zuio asilimia 5. Dai cheti chake kila mara, kwa sababu hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa.

Wiki hii usinunue chochote ila mablanketi. Rekodi tena tangazo lile lile kwa simu ile ile, godoro nyuma yako, friji ya jirani imezimwa, ukimjibu yule mama wa Mbuyuni. Mwanzoni acha sekunde 20 za ukimya. Nitumie, nitaanza kwa kusikiliza hizo 20, kisha nitakwenda moja kwa moja kwenye neno "fedha".